Jibu: Jumuiya yetu imebaki na wazee watupu, tuivunje?

Msiivunje, ndugu. Umesema katika jumuiya yenu ndogo, yaani kikundi cha majirani Wakatoliki wanaosali pamoja, vijana wamehamia mjini na wanaofika kusali ni akina mama wachache na mzee mmoja. Hao wanatosha kuanzia. Maaskofu wa AMECEA (umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki) walipozipa kipaumbele jumuiya ndogo ndogo, Nairobi 1973 na tena 1976, walitaka Kanisa lijiendeshe, lijieneze na lijitegemee pale watu wanapoishi. Idadi kubwa halikuwa sharti. Kumbuka 2020 hapa Kenya: makanisa yalifungwa Machi kwa sababu ya korona, na yalipofunguliwa Julai waliruhusiwa watu 100 tu, kwa saa moja, wenye miaka 13 hadi 58. Wazee wenu wangebaki nje. Lakini penye jumuiya hai, jirani alijua nani anaumwa na nani hana unga.

Ningebadilisha suala la michango. Daftari la michango likizunguka kila mkutano, asiye na hela ataona haya kuja (vijana wengi hukimbia daftari, si rozari). Tengeni siku moja kwa mwezi ya michango. Saa pia iangalieni, mtu wa kibarua hafiki saa kumi jioni. Na kijana anapohama, apewe barua ya utambulisho aipeleke parokia ya huko.