Kisomaji cha RFID cha kaunta: kipime kwa kile kisichotakiwa kusomwa

Ndugu yetu wa Nakuru ameuliza hivi: ana duka la nguo karibu na Kenyatta Avenue, ameonyeshwa kisomaji cha RFID cha kuweka kaunta, yaani kifaa kinachoitambua nguo kwa mawimbi ya redio kupitia tagi ndogo iliyobandikwa juu yake, muuzaji anakisifu kwamba kinasoma hadi mita sita, naye anataka kujua kama kitamfaa na kama kitaelewana na programu yake ya mauzo. Nitajibu kwa urefu kwa sababu njia hiyo nimeipita mwenyewe hapa Kisumu, katika duka la sare za shule la shangazi yangu. Hizo mita sita ndizo zilizotuponza.

Ilikuwa Januari, wiki ya kwanza ya shule, foleni imefika hadi nje. Mama mmoja aliyetoka Ahero alinunua sweta mbili, sketi na shati. Keshia akaweka mzigo juu ya kisomaji, risiti ikatoka, mama akalipa kwa M-Pesa. Kisha akasimama kando akaisoma risiti mstari kwa mstari, kama wanavyofanya wazazi wenye watoto wanne. Akarudi: "Dada, mimi nimechukua sweta mbili. Hii ya tatu ni ya nani?" Keshia akahesabu, kweli mbili. Akaweka mzigo tena, skrini ikasema sweta nne. Zile nyingine zilikuwa zimetundikwa kwenye reli nyuma yake, kama mita moja na nusu hivi.

Pesa tulimrudishia palepale na shangazi akamwomba radhi. Baadaye akaniita stoo: "Mwanangu, hiyo mashine izime. Mtu akishaamini nimemwibia, habari za mawimbi nitamweleza saa ngapi?" Tulirudi kwenye barkodi msimu wote ule. Kisomaji cha pili nilikinunua baada ya miezi mitano, na safari hiyo nilikijaribu kabla sijatoa pesa.

Basi, jambo la kwanza: kwenye mlango wa ghala, kusoma mbali ni sifa. Kwenye kaunta ni kasoro. Kisomaji hakijui nguo ipi imeletwa na mteja na ipi imetundikwa. Kinarusha mawimbi, na tagi yoyote iliyopata nguvu ya kutosha inajibu kwa namba yake. Tagi hizi hazina betri, zinaishi kwa nguvu ya mawimbi hayohayo. Kwa hiyo kazi yako ni kupunguza nguvu hadi zilizo juu ya kaunta zishibe na zilizo kwenye reli zikose. Muulize muuzaji kama nguvu inarekebishwa kutoka kwenye programu na kwa hatua ndogo kiasi gani. Chetu cha kwanza kilikuwa na ngazi tatu tu, ya chini, ya kati na ya juu, na hata ya chini ilifika kwenye reli. Cha pili kinashuka dBm moja moja (dBm ni kipimo cha nguvu ya mawimbi). Kila dBm 3 unazoshusha, nguvu inakuwa nusu. Sisi tumetoka 26 hadi 14, maana yake kutoka kama miliwati 400 hadi 25, na hapo ndipo reli ilipotulia.

Tulifanya na jambo lingine ambalo ningekushauri uige. Seremala wa Kibuye alitutengenezea boksi la mbao lililo wazi juu, ndani tukalibandika bati la alumini pande zote nne, kisomaji kikakaa chini kikitazama juu. Labda umeona video za Uniqlo, maduka ya nguo ya Kijapani, mteja anatupa nguo kwenye kisanduku na bei inatokea yenyewe. Kisanduku kile kinambana mteja aweke mzigo mahali pamoja, na hilo ni nusu ya kazi. Ila shusha nguvu kwanza, boksi lifuate. Ukiweka bati huku nguvu ingali juu, mawimbi yanadunda ndani yanatokea juu, na unaweza kusoma sketi aliyoshika mteja wa nyuma kwenye foleni.

Sasa namna ya kujaribu. Usikubali maonyesho ya muuzaji na tagi zake kumi zilizopangwa vizuri juu ya meza tupu. Mwombe aje dukani kwako, au ubebe nguo zako, kaunta yako ikiwezekana, na kompyuta ileile utakayotumia. Sisi tulitumia Jumapili nzima duka likiwa limefungwa. Tulianza na kilicho muhimu zaidi: kaunta tupu, reli imejaa, kisomaji kinasoma dakika kumi. Jibu linalokubalika ni sifuri. Likitokea jina la nguo hata moja, hujamaliza kurekebisha. Kisha nikasimama mbele ya kaunta na mfuko wa sare mkononi, nikasogea, nikainama, nikauegemeza mfuko ubavuni mwa boksi, kwa sababu ndivyo wateja wanavyofanya.

Baada ya hapo tukajaribu mizigo halisi: nguo moja, nguo tano, nguo kumi na mbili, kila mzigo mara ishirini, na kila tokeo nikaliandika kwenye daftari. Hapo ndipo tulijifunza mengi. Fulana za michezo zikiwa bado kwenye pakiti, tagi zote zinalala mahali pamoja, moja juu ya nyingine, na zikibanana hivyo zinaharibiana usikivu. Mzigo wa kumi na mbili unasomwa kumi. Tulibadilisha namna ya kubandika, saizi ndogo kushoto, saizi kubwa kulia, zikaanza kusomwa zote. Seti za hesabu za mkebe hazisomwi kabisa kwa tagi ya kawaida, kwa sababu chuma kinaiua antena yake. Chupa ya maji iliyojaa nayo inameza mawimbi, na hata sweta iliyoloa mvua ya jioni husumbua. Hatukupigana na vitu hivyo. Mikebe na chupa tumeviacha kwenye barkodi, soksi pia, maana faida ya soksi ni ndogo mno kuilipia tagi.

Na kwa sababu hakuna kisomaji kisichoruka nguo siku moja moja, skrini yetu inaonyesha kwa herufi kubwa idadi ya vipande kabla ya malipo. Keshia anahesabu kwa mkono, analinganisha, ndipo anabonyeza. Ni sekunde tatu. Sitawahi kuiondoa hatua hiyo, hata wakiniambia mashine mpya ni malaika.

Kuna mtego wa tagi pia ambao karibu utule. Namba ya EPC, ile namba ya utambulisho iliyo ndani ya tagi, ina biti 96, yaani herufi na tarakimu 24, na watu hudhani kila tagi hutoka kiwandani na namba ya peke yake. Roli moja tuliyoletewa ilikuwa na namba zinazojirudia. Nguo mbili zenye namba moja, programu inaona nguo moja, na ya pili inatoka bure mlangoni. Kwa hiyo kisomaji utakachonunua kiwe kinaandika pia, si kusoma pekee, na kabla ya kubandika andika namba zako mwenyewe, kisha zifunge kwa neno la siri ili mtu asizibadilishe. Kama bidhaa zako zina barkodi rasmi, zile za Kenya zinazoanza na 616, kuna mpangilio uitwao SGTIN-96 unaoingiza namba ya barkodi pamoja na namba ya kipande kimoja kimoja. Sare zetu zinashonwa hapahapa na hazina barkodi rasmi, hivyo tuliweka utaratibu wetu, ila hatukuanza namba na 30, maana hiyo ndiyo alama ya SGTIN-96 na mfumo mwingine ungezisoma vibaya.

Kuhusu kuelewana na programu ya mauzo, hapa ndipo wauzaji husema "kinafanya kazi na kila mfumo". Wanachomaanisha ni kwamba kisomaji kinajifanya kibodi: kikisoma tagi, kinaandika zile herufi 24 popote kishale cha kuandikia kilipo kwenye skrini, kisha kinabonyeza Enter. Kwa kusoma kadi ya uanachama hiyo inatosha. Kwa kuuza nguo saba kwa mpigo ni balaa. Programu yako inatarajia barkodi ya tarakimu 13, inaletewa kitu isichokijua. Keshia akiwa anaandika namba ya simu ya mteja, namba za tagi zinaingia humo. Na ukihamishia orodha kwenye Excel, namba yenye tarakimu tupu na herufi E moja katikati inageuzwa kuwa hesabu ya kisayansi, unaipoteza moja kwa moja.

Dai njia ya bandari ya siriali kupitia USB, inayokabidhi namba kwa programu yako moja kwa moja badala ya kujifanya kibodi, au maktaba ya programu yenye maelezo na mifano, na uipate mkononi kabla ya kulipa. Mimi niliandika programu ndogo, kwa lugha ya Python, inayosikiliza kisomaji. Tagi moja husomwa mara nyingi kwa sekunde, hivyo inaondoa marudio, inatupa ishara dhaifu, inageuza kila EPC kuwa jina la bidhaa na saizi, halafu inaikabidhi programu ya mauzo mistari iliyokamilika: sweta saizi 30, mbili, sketi saizi 26, moja. Ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi KRA, inahitaji bidhaa na idadi, haihitaji EPC. EPC zinabaki kwenye hifadhidata yetu, zikiwa "zimeshikwa" wakati mteja analipa, na "zimeuzwa" malipo ya M-Pesa yakithibitishwa. Mteja akibadilisha mawazo, zinarudi stoki. Usiziandike zimeuzwa mapema, kwa sababu ankara ikishafika KRA haifutiki, unairekebisha kwa kutoa krediti noti, na kwa sweta ya tatu ya yule mama tulizunguka nayo siku mbili.

Faida niliyoipenda zaidi sikuitarajia. Wazazi hurudi kubadilisha saizi, risiti imepotea. Tukiweka sweta kwenye boksi tunajua iliuzwa lini na kwa bei gani, na hakuna mabishano.

Mambo ya haraka. Hakikisha ni UHF, yaani cha masafa ya juu sana yanayotumiwa na tagi za nguo, kwa maana visomaji vingi vya bei nafuu vya USB ni vya kadi, vya 125 kHz au 13.56 MHz, na havitaona tagi ya nguo hata uisugue juu yake. Kataa toleo la Marekani la 902–928 MHz, kwani huku sehemu ya masafa hayo inatumiwa na simu. Chukua la 865–868, na uombe kuonyeshwa kibali cha Mamlaka ya Mawasiliano. Tundu la USB la kawaida linatoa miliampea 500, na kisomaji kikipandishwa nguvu kwenye laptopu kuukuu kinakatika katikati ya kusoma. Tumia waya mfupi au habu yenye umeme wake.

Na umeuliza kama ukifunge kisomaji sasa ili uwahi Januari. Anza Agosti shule zikifungwa. Siku tatu nne za kubandika tagi, kisha wiki mbili unapitisha kila mzigo kwa barkodi na kwa kisomaji, na kila jioni unalinganisha orodha mbili hadi zilingane siku sita mfululizo.