Babu Aliyepigana Upande wa Mdachi: Namna ya Kumuenzi Bila Kumpamba

Mwaka 1927 Waingereza walisimamisha sanamu ya askari katikati ya Dar es Salaam. Maandishi yake yanawakumbuka waliomtumikia mfalme wa Uingereza, wapagazi wakiwemo. Babu mzaa babu yangu hayumo. Yeye alikuwa askari wa Mdachi, yaani Mjerumani, akatembea na kamanda wao Lettow-Vorbeck hadi bunduki ziliposalimishwa Abercorn, Mbala ya leo huko Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Vita Kuu ya Kwanza kumalizika Ulaya. Ujerumani Magharibi ilipokuja kuwalipa askari waliosalia, mwaka 1964, alikwishafariki.

Kama na wewe ukoo wenu una mzee wa namna hii na hamjui mumkumbuke vipi, nakueleza tulivyofanya sisi wa Tabora.

Wazee wetu walipenda kusimulia Tanga, Novemba 1914: jeshi la Waingereza lililotoka India, watu kama elfu nane, likarudishwa majini na watu kama elfu moja, nyuki nao wakilishambulia. Ni kweli, na watoto wasikie. Ila ukiishia Tanga umemkumbuka mtu wa siku tatu tu. Alibakiwa na miaka minne ya vita, kurudi nyuma, njaa na maradhi.

Kwa hiyo uliza mambo ya nyumbani. Ukimuuliza mzee babu alipigana wapi, atakutajia miji. Muulize nani alikuwa anampikia. Nilipomuuliza hivyo bibi yangu mmoja, aliweka ungo chini. "Mkewe, mjukuu wangu, nani mwingine? Alikwenda naye mpaka Msumbiji, chungu kichwani, mtoto mgongoni. Mtoto wakamzika ng'ambo ya Ruvuma." Katika hitma zote nilizohudhuria, mtoto huyo hakuwahi kutajwa. Wala mama yake hakuwa akitajwa zaidi ya jina.

Halafu kuna upande mgumu, na hapa ndipo koo nyingi hunyamaza. Babu alijiunga kabla ya Maji Maji, na mwaka 1906 kikosi chao kilikuwa Ungoni, nchi ya Wangoni huko Songea. Jeshi la Mdachi lilichoma vijiji na maghala ya chakula huko kusini, na njaa iliyofuata ikaua watu wengi kuliko risasi. Mimi nimeoa Songea, mji ambao kila tarehe 27 Februari huwakumbuka mashujaa walionyongwa siku hiyo mwaka 1906. Sikutaka baba mkwe alisikie jambo hili kwa mtu mwingine. Nilimwamkia, nikamwambia nina neno la ukoo wetu, nikalisema lote. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Watoto wanalijua?" Nikamjibu bado wadogo. "Wakikua tutawaambia wote wawili, mimi na wewe." Na ndivyo tulivyofanya, barazani kwake.

Ushauri wangu kwa hiyo ni huu: usiseme babu alilazimishwa kama hujui. Wapagazi wengi walikamatwa kwa nguvu, lakini askari wengi walijiandikisha wenyewe, kwa mshahara na hadhi. Usimvike pia joho la mpigania uhuru. Wakoloni wawili walikuwa wanagombea ardhi yetu, yeye akawa upande wa mmoja wao, akashindwa naye. Alikuwa hodari na aliwatesa watu. Mimi ni damu yake, nampenda, na yote mawili nayasema.

Siku hizi kabla ya kusoma hitma, mmoja wetu husimulia. Anamtaja babu, mkewe na yule mtoto, wapagazi waliobeba mizigo ya kikosi ambao majina yao hatunayo, watu wa Ungoni, na Wagogo waliokufa kwa njaa ya Mtunya baada ya majeshi ya pande zote kuchukua nafaka zao, ng'ombe wao na wanaume wao. Mwanzoni baadhi ya wajomba hawakupenda. Waliona tunamwaibisha marehemu. Sasa wao ndio wanaosahihisha msimulizi akiruka kitu.

Kuhusu maandishi, Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa pale Dar es Salaam ina mafaili ya enzi ya Mdachi, ila uwe na mtu anayesoma mwandiko wa zamani wa Kijerumani. Faili la askari mmoja mmoja usilitegemee sana, maana nyaraka nyingi za kijeshi ziliteketea Potsdam kwa mabomu mwaka 1945. Mzee akisema babu alikuwa ombasha au shaushi, andika hivyo hivyo. Ni vyeo vya jeshi lile, sawa na koplo na sajenti. Kama kuna hati au nishani ndani ya sanduku, usiiuze kwa wanaopita wakinunua vitu vya kale. Anza na mzee mwenye umri mkubwa kuliko wote, mrekodi kwa simu akikuruhusu, na simulizi mbili zikipingana, ziandike zote mbili.