Re: Nyaraka za Ireland: umri usiuamini, tafuta kitongoji kwanza

Mkuu, umeuliza kama kuna haja ya kuendelea kumtafuta babu wa babu wa mkeo, aliyetoka kaunti ya Mayo kwenda Boston, Marekani, kabla ya 1880, maana umeambiwa nyaraka zote za Ireland ziliungua 1922. Haja ipo. Mimi nimeolewa huku Ireland, na mama mkwe alinitwika kazi kama hiyo kipindi nina mimba kubwa, sina pa kwenda. Alimtaka bibi wa baba yake, naye wa Mayo. Nilimpata, ila miezi minane ya mwanzo nilikuwa nafuata ukoo usionihusu.

Moto ni kweli ulikuwepo. Juni 30, 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vimepamba moto, jengo la kumbukumbu pale Four Courts, yaani mahakama kuu za Dublin, liliteketea, na sensa za 1821 hadi 1851 karibu zote zikaenda nalo. Lakini moto unasingiziwa mengi. Sensa za 1861 na 1871 serikali yenyewe iliamuru ziharibiwe, na za 1881 na 1891 zilisagwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza kwa uhaba wa karatasi. Ndiyo maana unaanzia 1901 na 1911, ambazo unazisoma bure mtandaoni. Vyeti vya kuzaliwa, ndoa na kifo vipo tangu 1864, na vitabu vya ubatizo vya Wakatoliki vilibaki huko huko parokiani, havikuwa Dublin siku ya moto. Maktaba ya Taifa iliviweka mtandaoni 2015, bila malipo.

Sasa kosa langu. Sensa ya 1901 ilimwandika huyo bibi miaka 54. Nikatoa, nikapata 1847, nikaenda kwenye vitabu vya ubatizo nikamkuta Mary, jina la ukoo lile lile, 1847, parokia ya jirani. Nikashangilia, nikamchorea mama mkwe mti mzima wa ukoo. Siku moja nafungua 1911: miaka 71! Ndani ya miaka kumi bibi alikuwa amezeeka miaka 17.

Kilichomzeesha ni pensheni. Ilianza kulipwa Januari 1909 kwa aliyefikisha miaka 70, na wazee wa wakati ule hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa kwa sababu usajili ulikuwa haujaanza walipozaliwa. Basi kila mtu akakumbuka umri anaoutaka. (Msiwacheke. Mjomba wangu ana umri wa shule, umri wa kazini na umri wa kweli, na huo wa mwisho anaujua dada yake tu.)

Kilichoniokoa ni cheti cha ndoa cha 1868. Pale kwenye umri wameandika tu kwamba ni mtu mzima, yaani amefika 21, lakini kuna jina la baba wa kila upande. Baba yake aliitwa Michael. Mary wangu wa 1847 baba yake Thomas. Nikafuta mti wote. Mary wa kweli alibatizwa Machi 1844, na msimamizi wake wa ubatizo ana jina la ukoo lile lile la shahidi mmojawapo wa ndoa. Hapo ndipo nilipoamini. Wasimamizi na mashahidi usiwaruke, mara nyingi ni ndugu au majirani.

Na ile karatasi ya 1911 ina kitu kimoja kinaniumiza mpaka leo. Safu ya idadi ya watoto ilikuwa ya wanawake wenye waume. Yeye alikuwa mjane, akajaziwa hivyo hivyo, kisha mkaguzi akapitisha mstari wa wino juu yake. Chini ya mstari bado unasoma: waliozaliwa hai 11, waliopo 6.

Kwako wewe, tatizo ni kwamba "Mayo" peke yake haitoshi. Unahitaji kitongoji, kile wanachokiita townland. Nchi nzima viko zaidi ya 60,000, vingine ni mashamba machache tu, na majina yanajirudia. Bila hicho utakutana na akina Patrick mia. Kwa hiyo anzia Boston, siyo Ireland: rekodi ya ndoa kanisani, tanzia, jiwe la kaburi. Halafu kuna gazeti la The Pilot la huko Boston, kuanzia 1831 hadi 1921 lilichapisha matangazo ya watu wanaotafuta ndugu zao, na mengi yanataja parokia au kitongoji alikotoka mtu. Ukikipata, nenda kwenye makadirio ya ardhi ya Griffith, yaani orodha ya thamani ya ardhi na majengo kwa ajili ya kodi, yaliyochapishwa kati ya 1847 na 1864. Hayatakuonyesha mke wala watoto, ila yanakuonyesha nani alishika kipande kipi, na ramani yake ipo.

Majina nayo yatakusumbua. Mapadri waliandika Kilatini: Jacobus ni James, Gulielmus ni William. Bridget akifika Marekani anageuka Delia. "O'" ya mbele ya jina huja na kuondoka, tafuta kwa namna zote mbili. Na ukikuta mtoto kabatizwa kabla ya tarehe ya kuzaliwa iliyo kwenye cheti, usidhani umemkosea. Aliyechelewa kusajili alitozwa faini, kwa hiyo mzazi alisogeza tarehe mbele kidogo. Mimi huiamini ya padri.

Ukipata jina la kitongoji liweke hapa kama lilivyoandikwa, usilisahihishe. Aliyeliandika kule Boston huenda hakuwahi kusikia neno la Kiayalandi, akaandika alichosikia, na sisi tutalitamka kwa sauti mpaka lifanane na kitu kwenye ramani. La kwetu mama mkwe alilitambua jikoni, baada ya mimi kulisoma vibaya mara ya tatu.