Dupata inateleza, dupata inachanika: maswali yenu ya lehenga msimu huu wa harusi

Tangu Mfungo Mosi uingie meseji za lehenga, lile vazi la Kihindi la sketi pana na blauzi fupi iitwayo choli, haziishi, na karibu zote zinauliza kitu kimoja, yaani dupata, ule mtandio wake, naiwekaje. Wengi mnanitumia na picha ya bibi harusi wa Bollywood, anti nataka hivi hivi. Sasa mimi kabla sijaiangalia hiyo picha nauliza, siku hiyo wewe unafanya nini? Manake yule wa kwenye picha amesimama tu, na pembeni kuna mtu kazi yake ni kumnyoosha. Wewe utakaa masaa matatu jukwaani, utakumbatiwa na kila shangazi, utaenda chooni, na huenda utacheza. Tuanze basi.

Anti, naolewa mwezi ujao Mombasa, na usiku wa kupamba nitavaa lehenga nyekundu ya zari, ile nakshi ya uzi wa dhahabu. Nataka dupata kichwani lakini pia nakshi zake zionekane mbele. Nikijaribu nyumbani inanivuta kichwa nyuma, inateleza. Nifanyeje? (Bibi harusi, Majengo)

Mwanangu, dupata moja haiwezi kufanya kazi mbili, hasa ikiwa nzito hivo. Tafuta ya pili. Maharusi wa Kihindi na Kipakistani wanafanya sana hivi, ile nzito yenye kazi ya zari inakaa begani na ile ya kichwani inakuwa neti nyepesi yenye pindo la urembo tu. Si lazima rangi zifanane kabisa, nyekundu juu ya nyekundu iliyokosea kidogo ndio inaonekana vibaya, bora ya kichwani iwe rangi ya dhahabu au waridi kuliko nyekundu isiyolingana.

Ya begani ivae kwanza. Pima marinda, kila rinda upana wa vidole vinne hivi, yapange yote yaangalie upande mmoja alafu yabane na kibanio cha nguo wakati unayapiga pasi ya moto mdogo ukiwa umetandika kitambaa cha pamba juu, kamwe usigusishe pasi kwenye zari yenyewe. Yakishakaa weka bega la kushoto, mbele iteremke mpaka chini ya goti, nyuma iliyobaki izungushe kiunoni upande wa kulia na uibane kwenye mshono wa sketi. Hapo nakshi zote ziko mbele na mikono yako iko huru.

Sasa kichwani, na hapa ndipo wapambaji wengi wanaharakisha. Kinachoshika dupata ni fundo la nywele la kisogoni, utosini hapashiki kitu. Mwambie wa saluni fundo liwe chini kidogo na ligumu, alafu juu yake apige vibanio viwili vya msalaba, ndio vitakuwa kituo cha kubania. Kama nywele zako laini zinateleza, mpe fundi cherehani ashone kichana kidogo kwa ndani ya pindo la dupata, katikati kabisa, wewe siku hiyo unachomeka tu. Tika, lile pambo la paji la uso, inavaliwa kabla, dupata inakaa nyuma yake inchi mbili tatu, ikija mbele zaidi itaifunika. Alafu pini moja kila bega, kwa nyuma, ili uzito ubebwe na mabega. Hiyo pini ya mabega ndio inaondoa kuvutwa kichwa. Ila acha nafasi kidogo kati ya kichwa na bega, ukibana ikiwa imenyooka hutoweza kugeuza shingo kumuangalia mumeo, na picha zote utatoka kama askari wa gwaride.

Jaribu mavazi yote siku mbili kabla, ukiwa umekaa sio kusimama. Mengi yanaharibika ukikaa.

Dada, pini zinanichania neti. Dupata ya kwanza imeshatoboka begani na bado sherehe mbili. (Msomaji, Tanga)

Pole shoga. Neti haichomwi yenyewe. Tafuta sehemu yenye pindo au yenye nakshi ya uzi, pini ipite hapo. Alafu kata kipande kidogo cha kitambaa cha bitana, ukubwa wa sarafu, kiweke kwa chini, pini ipite dupata, ipite bitana, ndio iingie kwenye choli. Na kwenye choli usichome popote, choma kwenye mshono wa bega, hapo kitambaa kimekunjwa mara mbili na kinahimili. Pini iwe ndogo na mpya, ya kutu itaacha doa. Kuna kitu kingine, ile duara ya nyuma ya pini ndio inameza nyuzi na ukivuta inachana, sasa chukua shanga moja ndogo ipitishe kwenye pini mpaka ikae pale kwenye duara, neti haitaingia tena. Wanaovaa mitandio ya shifoni kila siku wanaijua hii.

Hilo tundu lililopo mpe fundi aweke ua dogo la shanga juu yake. Hakuna atakayejua.

Mimi navaa hijabu, wifi yangu anaolewa Unguja na sote tumeshonewa lehenga sare. Choli imekuja fupi, tumbo liko nje. Dupata inaweza kunisitiri au nisivae tu? (Msomaji, Zanzibar)

Utavaa na utapendeza, lakini usiitwike dupata mzigo wote peke yake. Kwanza nenda kwa fundi. Lehenga nyingi za kununua zinakuja na kitambaa cha ziada ndani ya mshono wa choli, au kipande cha mikono hakijashonwa kimewekwa pembeni, muulize kama anaweza kuongeza urefu. Kama hakuna, vaa bodi ya mikono mirefu kwa ndani, rangi ile ile ya choli, ndio njia ya haraka na hakuna anayeshangaa siku hizi.

Juu ya hapo funga dupata Kigujarati. Ncha moja ichomeke kiunoni nyuma upande wa kushoto, ipandishe mgongoni kwa mshazari mpaka bega la kulia, iteremshe mbele, bana begani. Sasa hiyo iliyoteremka mbele ndio uzuri wake, usiiache kama kamba, ifungue upana wake wote, kona ya ndani ivute mpaka ubavu wa kushoto na uibane kwenye sketi. Kifua kimefunikwa, tumbo limefunikwa, na pindo la dupata limekaa mbele lote linaonekana. Wanawake wa Kigujarati wanavaa sari hivi toka zamani, kwa hiyo hujabuni kitu cha ajabu, na mabibi wa Kihindi pale harusini watakusifu.

Hijabu iwe simpo. Shifoni ya rangi moja, ichomeke ndani ya shingo ya choli, kwa sababu hijabu ikiteremka kifuani na dupata nayo iko kifuani unakuwa vitambaa juu ya vitambaa. Kuna wanaopenda dupata yenyewe iwe ndio hijabu, mimi siwashauri kama ina vimeta, inakwaruza shingo mpaka unatamani kulia, na joto la Unguja unalijua.

Nimealikwa harusi ya mfanyakazi mwenzangu Singasinga, Nairobi. Asubuhi ni hekaluni, jioni ni ukumbini. Nitavaa lehenga moja. Kuna masharti?

Hekaluni kichwa kinafunikwa, wanawake kwa wanaume, viatu unavua nje. Kama ulishapita lile hekalu lao la Makindu njia ya Mombasa unajua, kichwa wazi huingii. Kwa hiyo asubuhi dupata iweke kichwani, ncha moja irushe begani nyuma, bana na vibanio viwili nyuma ya masikio, na utakaa chini sakafuni kwa hiyo isiwe ndefu ya kuburuza. Usinyooshe miguu kuelekea kilipo kitabu chao kitakatifu. Jioni ishushe begani, imeisha hiyo. Rangi, nyekundu muachie bibi harusi, nyeupe tupu na nyeusi tupu ziepuke, wazee wengi wanahusisha nyeupe na msiba. Lakini tangu mwigizaji wa Bollywood Anushka Sharma aolewe 2017 na lehenga ya waridi iliyofifia maharusi wengi nao wanakwenda rangi nyepesi nyepesi, kwa hiyo muulize mwenzako kwanza yeye anavaa nini.

Mie mfupi na mwili upo. Staili gani isinifanye nionekane pipa? (Kariakoo)

Nani kakuita pipa? Bega moja, marinda membamba, iteremke wima mbele na nyuma, basi. Ile ya kuifungua yote mgongoni na kuishika kwenye viwiko vyote viwili achana nayo, inakupanua. Mkanda juu ya dupata vaa ukitaka, watu wanasema wanene wasivae mikanda, mimi sioni hivo, uwe mwembamba tu na ukae pale kiuno kilipo chembamba kabisa sio chini tumboni.

Naolewa kwenye familia ya Kigujarati, mimi Mswahili wa Nairobi. Nimeambiwa dupata yangu itafungwa na kitambaa cha mume wangu na tutazunguka moto. Naogopa itavutika, na naogopa moto. Alafu mama mkwe anasema ataniletea gharchola, hiyo nayo naivaaje juu ya lehenga? (Bibi harusi, Parklands)

Hongera sana mamangu, na swali lako ni zuri kuliko yote ya wiki hii.

Tuanze na gharchola. Desturi yao ni kwamba panetar, sari nyeupe yenye pindo jekundu, inatoka upande wa bibi harusi, kwa mjomba wake, kaka wa mama yake, na gharchola nyekundu yenye miraba ya zari inatoka kwa wakwe, ndio ishara kwamba wamekupokea. Kwa hiyo usije ukaikunja ukaiweka kwenye begi eti haifanani na lehenga. Muulize mama mkwe mapema kabisa, ni sari nzima au ni dupata? Sari ni mita 5 na ushee, huwezi kuipachika juu ya lehenga ukabaki na umbo, hiyo uivae kama sari kwenye shughuli nyingine. Ikiwa dupata ya mita 2.5 basi ndio inakuwa ile ya kichwani, au atakuwekea yeye mwenyewe begani katikati ya ibada, na hapo umuandalie pini mbili ziwe zimeshachomwa kwenye mshono wa choli, yeye anafungua na kubana tu asihangaike mbele za watu. Na muulize jambo jingine, wewe unakaa kulia au kushoto kwa bwana harusi.

Kwa nini upande? Kwa sababu ile ncha ya kufungwa inatakiwa iwe upande aliopo yeye. Ikiwa upande wa pili watakuzungushia kitambaa tumboni kama kamba ya ng'ombe. Acha kona moja ya dupata ya begani ikiwa huru, kama mita moja hivi, usiichomeke popote, hiyo ndio watakayoifunga na kitambaa chake. Nyuma ya hiyo kona, kiunoni, weka pini imara kwenye mshono wa sketi. Sasa akitangulia akavuta, kinachovutika ni kiuno chako, kichwa na bega viko salama. Wagujarati wengi wanazunguka mara nne, kwingine India ni saba, na mwendo ni wa pole, ila muambie mapema asitembee kama anawahi matatu.

Moto. Neti na shifoni nyingi za madukani ni nailoni au polista, zikiguswa na moto zinayeyuka na kuganda kwenye ngozi. Wakati mmekaa mtatia samli na nafaka motoni kwa mkono wa kulia, kwa hiyo upande wa kulia kusiwe na kitu kinaning'inia, hata kama umefunga Kigujarati bega la kulia ile ncha ya mbele ikusanye yote uilaze mapajani. Chagua dada mmoja akae nyuma yako, kazi yake iwe kuangalia kitambaa tu, simu asishike. Na kama bado hujanunua dupata ya ibada, nunua ya hariri halisi, haishiki moto upesi kama nailoni na haiyeyuki.

Nitacheza! Sendofu yangu siitaki ya kukaa kama sanamu. Dupata nifanyeje? (Dar)

Ivae mshazari kama mkoba, bega la kushoto kwenda nyonga ya kulia, ncha zote mbili zikutane nyongani uzifunge fundo na kulibana kwa ndani ya sketi. Au sherehe ikichangamka ivue, umpe kungwi wako akushikie.

Anti, naweza kuvaa kanga badala ya dupata? Usicheke. (Mombasa)

Sicheki, nimeshaiona kwenye kesha na ilipendeza. Kanga moja haitoshi, ina mita 1.5 tu hivi. Inayofaa ni doti ambayo haijakatwa, inakaribia mita 3, hapo marinda yanatoka. Ioshe kwanza wanga utoke, ikiwa na wanga itasimama begani kama ubao. Ivae na lehenga nyepesi ya rangi moja, ya pamba au hariri isiyo na kazi nyingi, manake kanga na zari nzito vinagombana. Na chagua jina kwa akili, doti nzima ina jina lile lile mara mbili, moja litaonekana mbele na jingine mgongoni, sasa ukivaa la mafumbo mbele ya wakwe mimi simo.

Baada ya harusi naihifadhije? Pwani kuna unyevu, ya dada yangu zari imekuwa nyeusi. (Lamu)

Manukato ndio adui wa kwanza, usipulizie kwenye zari, jipulizie mwilini kabla hujavaa. Udi unaweza kufukiza kwa mbali, usiitandaze juu ya chetezo, cheche moja imetosha. Ikitoka harusini ianike kivulini ikauke jasho, alafu ikunje ndani ya kitambaa safi cha pamba, mfuko wa plastiki hapana, unafungia unyevu ndani. Usiitundike, uzito wa nakshi utaivuta neti. Kila baada ya miezi michache ifungue uikunje upya mahali pengine ili mikunjo isikatike. Na kabla ya yote pekua mabegani utoe pini, kuna moja lazima imesahaulika.