Usiishie pale jogoo alipowika

Mtu aliyekatishwa tamaa na udhaifu wake, au wa mchungaji wake, huambiwa harakaharaka, "Mbona hata Daudi alianguka?" Ni kweli, ila neno hilo peke yake halimtoi alipokwama. Msomee habari nzima. Ya Petro ndiyo nzuri kuanzia, maana Injili zote nne zimeandika alivyomkana Bwana.

Tengeni jioni tatu. Ya kwanza, Luka 22:31-34. Angalia mpangilio: Yesu anamwambia "waimarishe ndugu zako" kwanza, jogoo, ambaye kabla hajawika Petro angekuwa amemkana, anatajwa baadaye. Aliyempa kazi alijua anguko linakuja.

Jioni ya pili someni Yohana 18:15-27, kisha mrukie sura ya 21. Pigieni mstari "moto wa makaa". Upo 18:18, Petro akiota moto uani, na upo tena 21:9, ufukweni. Alikana mara tatu, Yesu anamuuliza mara tatu kama anampenda, na mara ya tatu anahuzunika. Msiipite huzuni hiyo mbiombio.

Jioni ya tatu ni Wagalatia 2:11-14, ambayo wengi huiruka. Pentekoste, siku Roho Mtakatifu alipowashukia wanafunzi, imekwisha kupita zamani, na Petro yuleyule anajitenga mezani na watu wa Mataifa, yaani wasio Wayahudi, huko Antiokia kwa kuwaogopa wenzake. Woga wa uani umerudi! Paulo anamkemea mbele ya wote. Kwetu sisi, tumaini kubwa liko hapa kuliko ufukweni: hakupona woga wote, wala hakuachwa aendelee nao kimya.

Hapa ndipo makanisa mengi huteleza. Kiongozi akila sadaka, waumini hunyamazishwa kwa Zaburi 105:15, "Msiwaguse masihi wangu." Anzeni mstari wa 12 muone: wanaosemwa ni mababu wa Israeli, kina Abrahamu, walipokuwa wachache na wageni, na wanaokemewa ni wafalme. Hakuna hata neno moja linalozuia hesabu kukaguliwa. Daudi alisamehewa, 2 Samweli 12:13, lakini upanga wa mstari wa 10 haukuondolewa nyumbani mwake. Basi msameheni kiongozi huyo, na funguo za sanduku la sadaka ashike mwingine. Kama amemdhulumu mtoto, nendeni polisi siku hiyohiyo, kabla ya kikao cha wazee.

Na anayejiona hafai asisubiri ajisikie safi, wala asikimbilie mimbari. Ampelekee mgonjwa uji Jumamosi hii, akiongozana na mtu mmoja anayejua alipoangukia.