Maswali ya wasomaji: Viota uani, barazani na chini ya mnazi

SWALI: Shikamooni wahariri. Fundi wa bustani anakuja wiki hii kukata ua wangu wa michongoma, maana mvua za masika zimeutanua hadi njiani. Nimeona shore wawili wakiingia na kutoka. Akiruka pale penye kiota, si itatosha? (Msomaji, Moshi)

JIBU: Marahaba. Inategemea ataruka kiasi gani. Wengi huacha kishungi cha majani cha ukubwa wa ndoo, na baada ya siku mbili kiota ni kitupu. Kiota cha shore ni kikombe chembamba cha vijiti na nyuzi, wazi juu. Paa lake ni majani ya ua wenyewe. Ukiyaondoa, jua la saa saba linawapiga makinda wasio na manyoya, na kunguru anayepita anaona hadi ndani.

Kaa hatua kama 15 kutoka uani, asubuhi, nusu saa, utazame. Ndege mwenye nyuzi mdomoni bado anajenga. Akiingia akatulia, analalia mayai. Akija na mdudu, analisha. Shore hutaga mayai 2 au 3, huyalalia kama wiki 2, na makinda hukaa kiotani karibu wiki 2 nyingine. Kwa hiyo ukiona mdudu, mwahirishe fundi kwa wiki 2. Ukiona nyuzi, kwa wiki 5. Ahirisha ua mzima, kwani michongoma minene mara nyingi huficha kiota zaidi ya kimoja.

Kama njia imeziba kabisa, akate upande wa njia tu, kwa mkasi wa mkono, aache mita 2 kila upande wa kiota na asiguse juu. Kazi hiyo ifanyike saa tatu au nne asubuhi, si jioni: ndege aliyefukuzwa giza likikaribia huenda asirudi usiku ule, na mayai yakapoa. Mwakani kateni Februari.

SWALI: Chozi ametundika kiota kwenye waya wa taa ya barazani, na tunataka kupaka rangi kabla ya harusi ya binti yetu. Naweza kukihamishia mtini? (Mama wa Tanga)

JIBU: Hapana, mama. Chozi hurudi mahali, hakifuati kiota. Ukikisogeza hata mita 3 atazunguka wayani akikitafuta. Tena kimefungwa kwa utando wa buibui, kinachanika upesi. Jike ndiye hujenga na kulalia mayai peke yake, kwa hiyo akitishwa hakuna wa kumpokea zamu. Hesabu kama wiki 2 za mayai, kisha wiki 2 na siku kadhaa za makinda. Pakeni kuta nyingine kwanza, na taa hiyo isiwashwe. Kupita hapo kunaruhusiwa, kwani alijenga akiwaona mkipita. Kinachomkimbiza ni watu kusimama chini yake na simu wakimpiga picha. Na utando wa buibui darini msiufagie wote, ndiyo kamba yake.

SWALI: Kuna kinda chini ya mwembe wangu. Jirani anasema nikimshika, mama yake atamkataa kwa harufu ya mkono. Nimpe maziwa? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Harufu ya mkono haimfukuzi mama. Kinda mwenye manyoya anayerukaruka ametoka kiotani mwenyewe, na wazazi wanaendelea kumlisha. Mfungie paka ndani, msogeze kinda kichakani penye kivuli, kisha uondoke. Akiwa uchi, mrudishe kiotani. Kiota kikiwa kimeanguka, kitie kwenye kikapu kidogo chenye matundu chini ili mvua isituame, ukifunge kwenye mti uleule. Maziwa humharisha, na maji ukimdondoshea mdomoni huweza kuingia njia ya hewa.

SWALI: Kila asubuhi naokota viota vya kwera chini ya mnazi. Nani anavibomoa? (Msomaji, Bagamoyo)

JIBU: Mara nyingi dume mwenyewe. Jike akikataa kiota, dume hukifumua na kusuka kingine pale pale. Lakini vipapase ndani kabla ya kufagia: chenye mayai au makinda kimeangushwa na upepo au kunguru.