Mzingo na eneo: ninavyowafundisha darasa la nne, kanuni ikija mwisho

Mwalimu mwenzangu uliyeuliza kwa nini watoto wako wa darasa la nne wanazidisha pale wanapotakiwa kujumlisha, na wanajumlisha pale wanapotakiwa kuzidisha, pole na kazi. Swali lako limenigusa kwa sababu miaka minne ya mwanzo lilikuwa swali langu pia. Huu ni mwaka wangu wa 17 nikifundisha hisabati shule ya msingi ya kijijini, mkoa wa Morogoro, darasa halipungui watoto 80 na rula hazijawahi kutosha. Nakuandikia ninayoyafanya kwa mikono yangu.

Zamani nilianza kama wengi wetu. Naandika ubaoni: mzingo ni 2(urefu + upana), eneo ni urefu × upana. Wanaitikia kwa pamoja, wananakili, wanafanya mifano mitano, madaftari yanajaa vema. Wiki mbili baadaye nachanganya maswali na darasa zima linaanguka. Nikawa nawalaumu kwamba hawajisomei.

Kilichonifungua macho ni bustani ya mchicha ya shule. Kuku walikuwa wanaimaliza, tukataka kuizungushia wavu, kwa hiyo ikabidi kwanza tujue wavu wa kiasi gani. Bustani ilikuwa na urefu wa mita 8 na upana wa mita 5. Nikauliza, binti mmoja aliyekuwa akiongoza darasa akajibu papo hapo, "Arobaini, mwalimu." Sikumsahihisha. Tukapima kamba ya katani mita 40, yeye akashika ncha, wenzake wakaanza kuzunguka, kila pembe mtoto mmoja anaikaza. Kamba ikarudi kwenye mti wa kuanzia, na bado mikononi mwake kulikuwa na fundo kubwa. Tukalipima: mita 14. Akaliangalia, akaniuliza, "Mwalimu, sasa hii iliyobaki ni ya nini?"

Nilikaa na swali lile usiku mzima. Ile 40 yake haikuwa ya kubuni. Ilikuwa hesabu sahihi ya kitu fulani, ila mimi sikuwahi kumwonyesha kitu chenyewe. Kesho yake tukarudi bustanini na vijiti, tukachora mistari udongoni kila baada ya mita moja, kwa urefu na kwa upana. Vikatokea vyumba, kila kimoja mita moja kwa mita moja. Akavihesabu mwenyewe kwa kuviingia kimoja kimoja, vikafika 40. Nikamwambia, "Arobaini yako ndiyo hii." Tangu siku ile sijaanza tena na kanuni.

Sasa ninaanza na maneno, na hapa lugha yetu inatusaidia kuliko tunavyodhani. Eneo linatokana na kuenea. Mzingo ni ndugu wa kuzingira, na mazingira yako humo humo. Nawauliza: maji yakimwagika sakafuni yanafanya nini? Yanaenea. Askari wakimtafuta mwizi kwenye nyumba wanafanya nini? Wanaizingira. Basi. Mtoto akishaishika picha hiyo, nusu ya kazi imekwisha. Halafu kuna ishara za mkono ambazo nazidai kabla kalamu haijashikwa: ukisoma swali la mzingo, pitisha kidole ukingoni mwa dawati mpaka kirudi kilikoanzia, ukisoma la eneo, futa uso wa dawati kwa kiganja. Seng'enge, utepe wa pembeni mwa kitambaa, fremu ya picha: kidole. Mkeka, rangi ya ukuta, marumaru, bati za paa: kiganja. Wanafanya hivyo hata kwenye chumba cha mtihani, na mimi nawaacha.

Ushauri wangu mwingine: usifundishe vyote viwili siku moja, na tangulia na eneo. Najua vitabu vingi vinatanguliza mzingo kwa sababu ni kujumlisha tu. Kwangu imekuwa kinyume, kwa kuwa eneo ndilo linalohitaji muda wa kuguswa, na likipewa siku za mwisho za muhula linageuka kanuni tupu.

Kwenye eneo naanza na vizibo vya soda. Kila kundi linafunika jalada la daftari kwa vizibo na kuhesabu. Majibu hayalingani: kundi moja limeacha nafasi, jingine limeruhusu vizibo vitokeze nje. Wanabishana. Waache wabishane, hicho ndicho kipindi chenyewe, maana wataanza kulalamikia vile vitundu vinavyobaki katikati ya vizibo. Hapo ndipo natoa vipande vya katoni nilivyokata vya mraba, sentimita 5 kila upande, visivyoacha tundu. Mtoto anaelewa kwa nini tunasema "za mraba", neno ambalo zamani walikuwa wakilinakili kama pambo la mwisho wa jibu. Baadaye tunachora mita moja ya mraba sakafuni kwa chaki na kuona watoto wangapi wanaenea ndani wamesimama. Wa kwangu mwaka jana walikuwa tisa, wamebanana. Ukiwauliza humo zimo sentimita za mraba ngapi, wengi watasema 100. Chora safu moja tu ya sentimita za mraba ukingoni, 100 kwa mstari, halafu uliza safu zitakuwa ngapi. Jibu la 10,000 huwa linawashangaza, nami napenda sana kimya cha dakika ile.

Sasa jambo ambalo lilinichukua miaka kuligundua. Angalia namba unazochagua. Mraba wa upande 4 una mzingo 16 na eneo 16. Mstatili wa 6 kwa 3 una mzingo 18 na eneo 18. Ukitoa mfano wa namna hiyo, mtoto anayechanganya anapata vema na wewe hujui kitu. Kwa vipimo vya namba kamili ni hiyo miwili tu, iepuke mwanzoni. Iweke akiba kwa siku ambayo wameshaiva, kisha uulize kama 16 ya kwanza na 16 ya pili ni kitu kimoja. Angalia pia michoro. Ukiandika vipimo pande mbili tu, wengi watajumlisha hizo mbili na kuishia hapo. Ukiandika pande zote nne, wapo watakaozizidisha zote nne. Mimi nawataka waandike wenyewe kipimo kwenye kila upande ulio mtupu kabla ya kufanya lolote.

Wakishajua vyote viwili, ndipo navikutanisha. Nawapa vipande 12 vya mraba: pangeni mistatili yote mnayoweza. Wanapata 12 kwa 1, 6 kwa 2, 4 kwa 3. Eneo ni lile lile, lakini mizingo ni 26, 16 na 14. Halafu tunageuza: kamba ya mita 20 iliyofungwa ncha, watoto wanne wanashika pembe uwanjani. 9 kwa 1 inatoa eneo la 9, 7 kwa 3 inatoa 21, 5 kwa 5 inatoa 25. Kamba haijaongezeka hata kidogo.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni la karatasi. Chukua karatasi ya mstatili, kata kipande cha mstatili kwenye pembe yake, uliza: eneo limefanyaje? Limepungua, wote wanakubali. Mzingo je? Darasa zima linasema umepungua. Wape uzi wapime. Mzingo haujabadilika, kwa sababu kingo mbili zilizoondoka zimerudishwa na kingo mbili mpya za urefu ule ule. Sasa kata kipande hicho katikati ya upande badala ya pembeni: karatasi imepungua, mzingo umeongezeka. Nimeona watoto wakikata upya mara tatu kuhakikisha.

Kama una muda, malizia na ekari, maana huku kwetu kila mtoto amewahi kusikia "hatua 70 kwa 70". Hiyo ni hatua 4,900 za mraba, na kwa hatua ndefu ya mtu mzima, karibu sentimita 90, inakaribiana kabisa na ekari ya mita za mraba 4,047. Waulize: shamba la 140 kwa 35 ni ekari moja pia? Ni ile ile. Lakini la kwanza linazungukwa kwa hatua 280, la pili kwa 350. Mvulana mmoja alikwenda na hesabu hiyo nyumbani, kesho yake baba yake akaja shuleni na daftari mkononi, akaomba nimwonyeshe zile hatua 70 za seng'enge zinatoka wapi. Tulichora chini ya mwembe, mwanawe ndiye aliyeshika kijiti.